Ukitetea kiti cha msajili wa hati za ardhi, anza na hati ya nyumba ya mpiga kura

Wengi wetu tunaoishi hapa jimbo la North Carolina, Marekani, tukisikia uchaguzi tunawaza rais, gavana, basi. Lakini huko chini kwenye karatasi ya kura kuna msajili wa hati za ardhi, anachaguliwa kila miaka 4 na kila kaunti katika hizi 100 ina wake. Kenya msajili wa ardhi anaajiriwa na serikali, humpigii kura, ndo maana hili jambo linatupita. Mimi nafanya kazi kwa wakili wa mauzo ya nyumba kwa hiyo kaunta ya ofisi hiyo naijua vizuri, na msajili wetu alipotaka kurudi muhula mwingine nikajitolea kwenye kampeni yake. Naandika kwa yeyote anayemsaidia mtu kama huyo, ama anayefikiria kugombea mwenyewe.

Shida ya kiti hiki ni kwamba kazi ikienda vizuri hakuna anayeisikia. Sasa ukibisha hodi na maneno ya uwazi na uwajibikaji watu wanakuangalia tu, wameyasikia mno. Muulize mwenye nyumba kama ashawahi kuiona hati yake kwenye rekodi za kaunti. Wengi hawajawahi, na rekodi ni za umma, unaandika jina kwenye simu hapohapo mlangoni zinatokea.

Kuna mzee alitufungulia amekasirikia kodi ya nyumba. Msajili akamwambia moja kwa moja, mzee wangu, kodi haipangwi kwangu, ni ofisi nyingine, namba yao ni hii. Halafu akamwomba ruhusa atafute jina lake. Hati ikatokea na buku lake na ukurasa wake, na pamoja nayo mkopo wa benki ambao mzee alishaumaliza kitambo lakini kwenye rekodi bado unaonekana anadaiwa! Sheria ya hapa inampa mkopeshaji siku 30 baada ya kulipwa zote apeleke karatasi ya kuufuta, ikisahaulika unakuja kugundua siku unayouza nyumba na mnunuzi anasubiri. Mzee akamwita mkewe aje aone, wakaanza kuuliza maswali wao wenyewe, na habari ya chama hakuna aliyeigusa.

Ahadi nazo ziangalie sana. Ofisi hii haiamui ardhi ni ya nani, inapokea karatasi, inakagua kama ina saini na imethibitishwa na notari (afisa anayeshuhudia saini), inaandika saa na dakika iliyoingia kisha inaiweka kwenye indeksi, yaani orodha ya kutafutia kwa majina. Hiyo dakika ni muhimu manake North Carolina nyumba ileile ikiuzwa kwa watu wawili sheria inamlinda aliyetangulia kusajili, hata kama mwenzake alinunua mapema akakaa na hati kwenye droo. Kwa hiyo mgombea akisema atakomesha wizi wa nyumba anaahidi asichoweza, hati ya kughushi ikija imekamilika kwa macho itaingia tu. Anachoweza ni huduma ya tahadhari ambayo kaunti nyingi wanaitoa bure, unajiandikisha jina lako na likitokea kwenye hati mpya unapata imeli. Mwambie mgombea wako aongee hiyo, na watu wasaidiwe kujiandikisha palepale.

Na anayetetea kiti ana kitu ambacho mpinzani hana, kazi iliyokwisha fanyika, aionyeshe. Kaunti ya Buncombe, kule Asheville, ofisi ya msajili iliweka mtandaoni hati za zamani za watu waliouzwa utumwani, zilikuwa kwenye mabuku yaleyale ya mashamba. Mtu kaandikwa jina moja tu na bei yake. Mimi nikiziona nakosa la kusema, na naamini anayeyatunza mabuku hayo tunapaswa kumchagua kwa makini kuliko tunavyofanya.

Kampeni na ofisi visichanganywe hata kidogo. Simu ya ofisi, imeli ya ofisi, muda wa kazi, hapana, na karani wa kaunta asibebeshwe vipeperushi vya bosi wake.

Anza mapema. Kawaida fomu za kugombea zinachukuliwa Desemba ya mwaka kabla ya uchaguzi, ada ni asilimia 1 ya mshahara wa kiti chenyewe, na mchujo wa chama unakuja Machi, huko ndiko msajili mzuri anaweza kuangushwa na kura chache. Tangu 2014 huwezi tena kuweka alama moja ya chama ikajaza yote, kila kiti unakichagua peke yake, na watu wanachoka katikati wanaacha cha msajili wazi. Siku ya kura simama nje ya mstari uliowekwa kuzuia kampeni karibu na kituo, ambao hauzidi futi 50 kutoka mlangoni, na ujumbe uwe mfupi: teremka mpaka chini ya karatasi, geuza na nyuma.

Wenye grinikadi (kibali cha ukaazi wa kudumu, bila uraia), nawaomba sana, msipige kura wala msijiandikishe hata mtu akiwashawishi vipi, inaweza kukugharimu ukaazi wako. Kubisha milango na kugawa vipeperushi mnaruhusiwa.