Kijana wa Fuso uliyeuliza kuhusu presha, nakujibu

Mkuu, umeandika kwamba una miaka 27, unaendesha Fuso la mizigo usiku, unashushia chupa tatu za kinywaji cha kuongeza nguvu mpaka kunakucha, chakula chako ni chipsi mayai, na mzee wako hakuachi upumue anataka ukapime presha. Unauliza ya nini wakati hujawahi kuumwa hata kichwa. Nimesoma nikajiona mwenyewe, ndiyo maana naandika kirefu.

Nilianza utingo na miaka 19. Nilipofika 25 nikakabidhiwa semitrela, Dar, Tunduma, mpaka Lubumbashi. Sigara pakiti moja kwa siku. Usingizi wa saa tatu au nne tu kwa siku, kwenye kebini. Chakula nyama choma ya njiani, na kila kipande nachovya kwenye chumvi. Mgongo ulipoanza kuuma nikawa nanunua diklofenaki kwenye duka lolote la dawa nililolikuta, nikameza kwa miaka bila kuandikiwa na mtu. Pombe sikunywa, na hilo lilinidanganya sana. Nilijihesabu kuwa mtu ninayejitunza.

Nikiwa na miaka 44 nilimsindikiza mke wangu kliniki. Nesi akanipima tu kwa kuwa nilikuwa nimekaa pale: 190 kwa 115. Nikambishia kwamba mashine mbovu, maana asubuhi ile nilikuwa nimebadilisha tairi mbili peke yangu. Akanipima na nyingine, namba zilezile. Nikaandikiwa dawa, nikameza wiki mbili, nikaacha kwa sababu sikuona tofauti yoyote mwilini.

Hapo ndipo nilipokosea kuliko kwenye sigara na chumvi vyote. Presha haiumi, mkuu. Inasukuma kuta za mishipa usiku na mchana, mishipa inakakamaa, moyo unatanuka kwa kazi nzito, vichujio vidogo vya figo vinakufa kimoja kimoja. Figo zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo wake na wewe unapandisha mlima Kitonga unapiga mluzi. Na zile dawa zangu za mgongo zilikuwa zinapunguza damu inayofika kwenye figo na kuzuia chumvi na maji yasitoke, kwa hiyo presha ikazidi kupanda.

Miaka mitatu baadaye niliamka alfajiri Makambako. Baridi ya pale unaijua. Nikadhani mkono wa kushoto umekufa ganzi kwa baridi. Tingo wangu ndiye aliyeona mdomo umekwenda upande. Nilimwambia tusogee, dawa tutapata Mbeya. Akakataa, akachomoa ufunguo, akatafuta gari ya kunikimbiza hospitali. Kilikuwa kiharusi. Ni kwa sababu ya tingo yule nipo hapa naandika.

Leo mkono ule unashika kikombe lakini haufungi kifungo cha shati. Binti yangu alikuwa na miaka 12 alipoanza kunifunga vifungo asubuhi kabla hajaenda shule. Figo zimebaki na theluthi ya kazi yake, na daktari anahangaika nami zisishuke zaidi. Mwenzangu tuliyepishana naye barabarani miaka yote zake zilikufa kabisa. Anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kila mara inachukua muda wa karibu saa nne. Mtu aliyekuwa anaikata Zambia nzima leo hawezi kwenda msiba wa siku nne kijijini kwao.

Sikuambii uache gari. Lakini chupa moja ya kinywaji chako, ya mililita 250, kwa aina nyingi ina kafeini ya kikombe cha kahawa na sukari gramu 27 hivi. Tatu zinakupeleka gramu 80, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asivuke 50 hivi kwa siku. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyomo tayari kwenye chakula. Usingizi ukikushika, paki ulale. Hiyo chupa haiondoi uchovu, inauficha tu. Kama unavuta, mwaka mmoja tu baada ya kuacha hatari ya ugonjwa wa moyo inashuka kufika kama nusu ya ile ya anayevuta.

Siku ya kupima, nusu saa kabla usivute wala usinywe kahawa. Kaa umeegemea dakika tano, mkono juu ya meza, wakupime mara mbili. Ukikuta 140 kwa 90 au zaidi, rudi siku nyingine wahakikishe, na ukipewa dawa usiiache kwa sababu unajisikia vizuri.

Wapo waliovuta mpaka miaka 80 wakiwa imara, najua. Lakini presha hutembea pia kwenye ukoo. Mama yangu alikuwa nayo, nikaja kujua nikiwa nimelazwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia na mimi sikuuliza. Kwa hiyo leo jioni ukimpigia mzee wako, kabla hujamjibu kuhusu kupima, muulize yeye alipimwa lini na walimwambia nini.