Maswali yenu: Wauguzi, utafiti na wagonjwa wasiotuamini

Barua nyingi za safari hii zimetoka wodini, moja imetoka kwa mtu aliyezuiwa asiingie wodini. Zile za mishahara nimeziweka kando. Zina maana, ila sina jibu litakalompendeza mtu.

Sista, chuoni hatuhitimu mpaka tufanye utafiti. Hiyo si kazi ya madaktari? Mimi nilikuja kuhudumia wagonjwa. (Mwanafunzi, mwaka wa tatu)

Mwanangu, daktari hupita asubuhi, akaandika, akaenda zake. Anayekesha na mgonjwa ni wewe, na yapo mambo ambayo usipoyaandika wewe hakuna atakayeyaandika.

Chukua vidonda vinavyowatoka wagonjwa wasioweza kujigeuza, kwenye makalio na visigino. Kwa miaka mingi wauguzi walifundishwa kuvizuia kwa kusugua ngozi na spiriti, mafuta na dawa za kila namna, kila wodi ikiapa kwa dawa yake. Muuguzi wa Uingereza, Doreen Norton, akawafuatilia wazee waliolazwa hospitalini. Kazi aliyoichapisha na wenzake mwaka 1962 ilionyesha kwamba kinachookoa ngozi ni kumwondolea mgonjwa mgandamizo kwa kumgeuza mara kwa mara, wala si kusugua. Akatuachia na kipimo cha mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza, na kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama 1 hadi 4, na mwenye jumla ya 14 au pungufu yuko hatarini. Hapo hakuna mashine hata moja. Ni macho, daftari na ukaidi wa mtu aliyechoka kuambiwa "ndivyo tunavyofanya siku zote".

Hata Florence Nightingale, muuguzi wa Uingereza wa karne ya 19 tunayemchora na taa mkononi, wakubwa wa jeshi walishtushwa na hesabu zake. Mchoro wake wa mwaka 1858 ulionyesha kwamba askari wa Uingereza katika vita vya Crimea waliuawa zaidi na maradhi yanayozuilika kuliko na majeraha.

Usiku nabaki peke yangu na wagonjwa zaidi ya ishirini. Nikilalamika naambiwa "jipange". Kuna ushahidi wa kupeleka kwa wakubwa? (Nesi wa zamu ya usiku)

Upo, na ni mzito. Mwaka 2002 Linda Aiken, muuguzi na mtafiti wa Marekani, alichapisha na wenzake uchunguzi wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania. Walitazama wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi, uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30 ulipanda kwa asilimia 7. Mwaka 2014 wakarudi na hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya, na namba ikatoka ileile, 7.

Mkubwa wako akiwa mjanja atakujibu: "Huenda hospitali zenye wauguzi wachache ni maskini kwa kila kitu, vifo vimesababishwa na mengine." Hoja hiyo usiicheke, ni halali. Ndiyo maana mimi napenda zaidi habari ya Queensland, Australia. Mwaka 2016 jimbo hilo lilianza kutumia sheria ya wastani wa muuguzi mmoja kwa wagonjwa wanne mchana, na mmoja kwa saba usiku. Watafiti wakalinganisha hospitali 27 zilizoguswa na sheria na 28 ambazo hazikuguswa, kabla na baada. Matokeo yalitoka mwaka 2021: penye sheria, vifo vilipungua na siku za kulazwa zikapungua, na fedha zilizookolewa zilizidi gharama ya kuajiri. Hilo la fedha ndilo utangulize kwenye barua yako. Nasikitika kusema hivyo, lakini nimeandika barua nyingi za namna hiyo.

Jambo jingine. Kwa wiki mbili, kila mwisho wa zamu, andika ulichoshindwa kufanya: mgonjwa gani hakugeuzwa, nani hakufundishwa kutumia dawa zake kabla ya kuruhusiwa, nani alisubiri dawa ya maumivu na kwa muda gani. Beatrice Kalisch, mtafiti mwingine wa uuguzi, alianza mwaka 2006 kuandika kuhusu huduma hizi zinazorukwa, na sababu ni kwamba hazionekani popote. Faili huonyesha kilichofanyika tu. "Jipange" ni rahisi kumwambia mtu asiye na orodha.

Niliwapa wenzangu hojaji kuhusu kunawa mikono. Karibu wote wamejibu kwamba hunawa kila mara. Msimamizi wangu anasema matokeo hayafai. Amenionea? (Mwanafunzi wa shahada ya uzamili)

Hajakuonea. Ulichopima ni jinsi wenzako wanavyopenda kuonekana. Muuguzi anajua jibu sahihi, anajua wewe ni mwenzake, na anajua hojaji itamrudia matroni. Ulitegemea aandike nini?

Tafiti za mitazamo ya afya zimejaa mtego huu. Maarifa ni kitu kimoja, mtazamo ni kingine, na mkono unaofika kwenye bomba ni cha tatu. Shirika la Afya Duniani (WHO) limetaja nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi maalumu, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kaa kwenye kona ya wodi uzihesabu. Siku za kwanza watanawa kwa ajili yako. Nilipofanya hivyo mimi, sabuni ya wodi nzima iliisha kabla ya siku yake! Walipozoea kuniona, maisha yakarudi kama kawaida, na hapo ndipo takwimu zangu zilipoanza kuwa na maana.

Hojaji zako usizitupe. Weka majibu kando ya ulichokiona, kisha uulize pengo limetoka wapi. Mara nyingi utakuta bomba liko mbali, au kitakasa mikono kimekwisha tangu juzi. Mtazamo wa mtu hauna kosa hapo.

Wagonjwa wangu wanakataa chanjo. Nimewaelimisha mpaka sauti imekauka. Nifanye nini? (Muuguzi wa kliniki)

Kwanza acha kuelimisha kwa muda, uliza. Washauri wa WHO waliochambua suala hili mwaka 2014 waligawa sababu za kusitasita katika mafungu matatu: mtu haamini chanjo au wanaoileta, au haoni kwamba ugonjwa utamfikia, au anataka lakini kituo kiko mbali na saa zake hazipatani na kazi yake. Somo lako linamfaa pengine huyo wa pili. Wa tatu anahitaji saa za jioni. Wa kwanza, ukimwongezea somo unamwongezea wasiwasi.

Na usidhani kutoamini ni ujinga. Kuanzia 1932 hadi 1972, idara ya afya ya serikali ya Marekani iliwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 huko Tuskegee, Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Penisilini ilipokuwa tiba ya kawaida, hawakupewa. Waliyemwamini wanaume wale, aliyewajulia hali na kuwapeleka kliniki kwa gari, alikuwa muuguzi, Eunice Rivers. Imani ile aliichuma yeye, na ndiyo iliyoshikilia uchunguzi ule kwa miaka arobaini. Hadithi hii naifundisha kila mwaka na kila mwaka darasa hunyamaza.

Kwa hiyo mgonjwa akikuuliza "na wewe umechanja?", mjibu ukweli. Akikuuliza madhara, mtajie, hata yale madogo ya homa na mkono kuuma. Halafu mwache aende nyumbani akafikiri, na mlango usiufunge.

Wakati wa UVIKO-19 mama yetu alifariki sisi tukiwa getini. Kuna anayechunguza walichotufanyia, au ndiyo yamekwisha? (Binti yake)

Pole sana, binti yangu. Hayajakwisha. WHO iliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini watafiti wa uuguzi bado wanahoji familia, na wanahoji pia wauguzi walioshika simu ili mgonjwa asikie sauti ya mwanawe kwa mara ya mwisho. Wengi wao hawajapona na jambo hilo.

Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa tumekwisha kuonywa. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, familia zilificha wagonjwa na maiti kwa sababu wapendwa wao walichukuliwa na watu waliofunikwa gubigubi, wakazikwa bila sala wala jamaa. Mwishoni mwa 2014 WHO ilitoa mwongozo wa mazishi salama yenye heshima: familia ishirikishwe, kiongozi wa dini awepo, watu waombe kwa umbali. Ikiwa hilo liliwezekana kwa Ebola, ndugu mmoja mwenye barakoa na gauni la kujikinga kando ya kitanda lilikuwa jambo la kujadiliwa, si la kukataliwa getini. Huo ni msimamo wangu. Wapo wenzangu wanaoupinga, hasa waliokuwa na upungufu wa barakoa hata zao wenyewe.

Ukihojiwa na mtafiti, una haki ya kukataa, na ya kuacha katikati.

Naweza kuandika majina ya wagonjwa kwenye daftari la utafiti? (Bila jina)

Hapana. Mpe kila mmoja namba. Orodha ya majina na namba ifungiwe kabatini, mbali na daftari. Na daftari lenyewe lisiachwe juu ya toroli la dawa ukienda kunywa chai.