Maswali ya Wasomaji: Shughuli kwa Wazee Wenye Maradhi ya Kusahau

SWALI: Bi Mshauri, asalaam alaikum. Mimi ni mhudumu katika nyumba ya kulelea wazee mjini Malindi. Wengi wa wazee wetu wana demensia. Baada ya chai ya asubuhi huwakalisha barazani mbele ya televisheni, na hapo hukaa mpaka chakula cha mchana. Wageni fulani walituletea kalamu za rangi na vitabu vya picha za kupaka, lakini bibi mmoja wa Kigiriama alivitupa chini akasema yeye si mtoto wa chekechea. Yuko pia mzee mmoja, mgema wa zamani, ambaye kila jua likianza kushuka hutikisa lango na kuwapiga wanaomzuia. Mwenzangu kazini anashauri apewe vidonge vya kumtuliza. Je, wazee hawa tuwape shughuli gani, ilhali wahudumu tu wachache na fedha hatuna?
Mhudumu, Malindi

JIBU: Wa alaikum salaam, mwanangu. Sehemu kubwa ya swali lako imekwisha kujibiwa na bibi aliyezitupa zile kalamu. Mwanamke aliyelea watoto, akalima shamba na kuendesha nyumba yake anaweza kusahau jina la mwanawe wa kwanza na bado akajua vizuri kwamba yeye ni mtu mzima, na akaudhika anapotendewa vinginevyo. Shughuli yenye maana kwake ni ile inayotokana na maisha aliyoishi, na ambayo hata mtu mwenye akili timamu akipita na kumwona akiifanya hatacheka.

Yafaa kwanza kuelewa maradhi yenyewe yanavyokwenda. Alzheimer, ambao kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ndio unaosababisha asilimia 60 hadi 70 ya demensia zote, kwa kawaida huanza kuharibu zile sehemu za ubongo zinazopokea na kuhifadhi mambo mapya, ndiyo maana mzee huuliza jambo lile lile mara kumi. Ustadi wa mikono uliorudiwa kwa miaka mingi umehifadhiwa kwingine katika ubongo, na mara nyingi hudumu kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo bibi asiyekumbuka kama amekunywa chai anaweza kupokea miyaa, akasuka ukili ulionyooka huku akizungumza na jirani yake bila hata kuutazama. Maradhi haya pia huondoa ile nguvu ya kuanza jambo. Mzee anayekaa kimya kutwa hudhaniwa kuwa ametosheka au amekuwa mvivu, kumbe anangoja mtu wa kumwanzishia.

Anza basi na daftari badala ya vifaa. Kwa kila mzee, waulize jamaa zake alikuwa akifanya kazi gani, aliamka saa ngapi, alikuwa akiswali au akienda kanisani, alipenda nyimbo zipi, aliitwa nani na watu waliomheshimu, na ni lugha gani aliyozungumza utotoni. Hilo la lugha lina uzito, kwa sababu mara nyingi demensia inapoendelea huanza kuondoa lugha ambayo mtu alijifunza ukubwani, na mzee wa Kigiriama mliyezoea kuzungumza naye Kiswahili anaweza kuonekana hasikii, kumbe amebaki na Kigiriama peke yake. Andikeni pia hali ya macho na masikio yake. Mtu mwenye mtoto wa jicho aliyepewa mchele mweupe katika sahani nyeupe haoni cha kuchagua. Uweke mchele huo huo katika sinia ya rangi iliyokolea na utamwona anaanza kazi.

Kazi zenyewe zimo jikoni na uani mwenu, na hazihitaji mfadhili. Kuna mchele wa kuchagua, kunde za kupepeta kwa ungo, mahindi ya kupukusa, mchicha wa kuchambua, kanga za kukunja na kulinganisha doti kwa doti. Aliyekuwa mvuvi Mambrui apewe kipande cha wavu kilichochanika na uzi wa kukiziba. Bibi aliyekuwa akidarizi kofia, ikiwa macho hayamruhusu tena, apewe kitambaa kilichofumwa kwa nafasi pana na sindano butu, au apewe kofia zilizokamilika azikague na kusema ipi imeshonwa vyema, maana ukaguzi nao ni kazi, na mara nyingine ndiyo kazi inayompendeza mzee kuliko zote. Nazi zikunwe na mzee mmoja mmoja, mhudumu akiwa ameketi karibu kabisa, kwa sababu meno ya mbuzi hayana huruma na mkono uliokumbuka kukuna huenda usikumbuke kusimama. Bao nalo lisiachwe kwa sababu tu mzee amesahau sheria. Anayepanda kete shimo kwa shimo na kuzisikia zikigonga mti anacheza bao la kumtosha.

Mimi napendelea kazi za kweli kuliko za kubuni. Mchele uliochaguliwa na wazee asubuhi upikwe mchana, nao waambiwe wakati wa kula kwamba ni ule wao. Nimesikia wahudumu wakishauriana kuzikunjua nguo zilizokwisha kukunjwa ili mzee apate la kufanya kesho. Siwalaumu, lakini lisifanyike mbele ya macho yake hata siku moja, kwani aibu hukaa moyoni hata pale kisa chenyewe kilipokwisha kusahauliwa.

Namna ya kualika ina uzito sawa na kazi. Ukimuuliza, “Bibi, leo unataka kufanya nini?” umemtupia mzigo wa kukumbuka, kuchagua na kujieleza kwa pamoja, na atakujibu kwamba hataki kitu. Ukiketi mbele yake na ungo, ukaanza wewe mwenyewe, kisha ukasema, “Bibi, nisaidie, mimi nimeelemewa,” umempa nafasi aliyoizoea maisha yake yote, ya mkubwa anayemfaa mdogo. Mwelekeze hatua moja moja, kwa maneno machache, na pale maneno yanaposhindwa muoneshe kwa mkono au mpe kifaa akishike. Akikosea mpangilio, mwache. Kaeni wanne au watano pamoja, asubuhi kabla joto la Malindi halijapanda, na mmalize kabla uchovu haujaanza. Kwa wengine nusu saa ni nyingi, na wengine watataka kuendelea mpaka adhuhuri.

Sasa nimrudie huyu mgema. Wenye demensia wengi huvurugikiwa zaidi jua linapoelekea kuzama, na kila mara tabia inapobadilika ghafla lazima kwanza aangaliwe kama ana maumivu, kiu, choo kigumu au maradhi ya njia ya mkojo, kwa sababu hawezi kuyasema na huyasema kwa ngumi. Lakini kwa mzee huyu kuna jambo jingine ambalo nashangaa halijatajwa na yeyote kati yenu. Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni. Saa mnayomfungia lango ndiyo saa aliyokuwa akitoka kwenda kutazama vibuyu vyake, na kwa akili yake tembo la mnazi linamwagika na wateja wanangoja. Mtu wa namna hiyo hazuiwi langoni, hutangulizwa. Nusu saa kabla ya wakati wake wa kufadhaika, mhudumu mmoja amwombe wafuatane kwenda kuitazama minazi iliyo karibu, aishike, aseme upi una afya na upi umekwisha, kisha warudi akae na makuti ya kushona. Kotama, kile kisu chake cha kugemea, asipewe, na juu ya mnazi asipande, hilo halihitaji mjadala. Kibuyu anaweza kukibeba, ingawa najua katika nyumba yenye wazee wa Kiislamu kitazua maneno. Kiwe kikavu na kisafi, na waelezwe kwamba ni kifaa cha kazi yake ya zamani.

Kuhusu vidonge, msimpe dawa yoyote ya kutuliza kwa uamuzi wenu. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba dawa za maradhi ya akili za kundi jipya, zinapotumiwa kudhibiti tabia za wazee wenye demensia, huongeza hatari ya kifo, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa hadi kwenye dawa za kundi la zamani. Daktari anaweza kuona haja yake kwa muda mfupi pale mzee anapohatarisha maisha. Ila uchache wa wahudumu hauwezi kuwa sababu.

Mkitaka utaratibu uliokwisha kupimwa, upo ule wa kuchangamsha akili kwa vikundi, ambao ulijaribiwa Uingereza na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2003. Wazee hukutana mara mbili kwa wiki kwa majuma 7, vikao 14 vya takriban dakika 45 kila kimoja, na kila kikao kina mada yake kama vile chakula, utoto, sauti au fedha. Huwafaa zaidi wale ambao maradhi yao bado ni mepesi au ya wastani. Kinachonifurahisha ni kwamba utaratibu huu umeshajaribiwa pia karibu nasi, katika wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro, baada ya kurekebishwa ufae mazingira ya huko, na wazee walioushiriki wakaonekana kunufaika. Kwenu mada ya fedha inaweza kuanza na sarafu ya senti kumi yenye tundu katikati, ikipitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja aseme zamani ilinunua nini.

Televisheni izimwe nje ya saa maalumu. Habari za vita huwatia hofu watu wasioweza tena kutofautisha kioo na dirisha. Nyimbo ni jambo jingine kabisa: kaswida, taarabu ya ujana wao, nyimbo za kanisani na ngoma kama mwanzele zinaweza kumtoa sauti mtu ambaye hajatamka neno tangu juzi, mradi ziwe zake na zisipigwe zote kwa pamoja.

Neno moja zaidi, kwa sababu mnaishi kaunti ya Kilifi. Mnajua wazee wangapi wa huku wametuhumiwa uchawi, na wengine kuuawa, na mnajua pia kwamba mzee anayetembea usiku, anayeingia ua wa watu au kuzungumza na asiyeonekana ndiye mwepesi wa kushukiwa. Wakati mwingine, basi, fanyeni kazi hizo mahali jirani watakapowaona. Bibi anayejulikana mtaani kwa mikeka yake ana ulinzi ambao hotuba haziwezi kumpa. Na kiongozi akiwaambia kwamba shughuli za wazee ni anasa, msomeeni Ibara ya 57 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, inayowapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima.

SWALI: Mama yangu yuko katika nyumba ya wazee Malindi, nami naishi Lamu. Nikienda kumtazama hanijui. Huniita kwa jina la kaka yake aliyefariki. Nikimsahihisha hulia. Tunabaki kutazamana, na baada ya muda mfupi naaga. Nifanye nini wakati huo?
Mwana, Lamu

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Acha kumsahihisha, kwani kila unapomwambia kaka yake amekufa anaupokea msiba huo kwa mara ya kwanza. Akikuita kwa jina la mjomba wako, itika, umuulize habari za mjomba: alikuwa akipenda nini, walicheza wapi. Kisha usiende mikono mitupu. Chukua kutoka nyumbani vitu vinavyosemeka kwa pua na vidole: kikuba cha asumini, udi na chetezo chake cha zamani, leso aliyoivaa katika harusi ya dada yenu. Mpake mafuta mikononi, msuke nywele au uende na dada yako amsuke. Ikiwa alikuwa mpishi wa mahamri, omba jikoni uletewe kinyunya akikande. Ziara ya namna hiyo haihitaji mazungumzo, nawe hutakuwa na haraka ya kuaga.

SWALI: Baba yetu alikuwa maalimu wa chuo cha Kurani hapa Lamu kwa miaka mingi. Sasa ana demensia na yuko katika nyumba ya wazee, lakini kila alasiri huwaita wahudumu na wazee wenziwe waje kusoma. Huchanganya aya za sura moja na nyingine. Wahudumu wanaogopa dhambi na wamemwondolea juzuu. Je, wamefanya sawa?
Binti wa Maalimu, Lamu

JIBU: Hukumu ya dini muulizeni sheikh wenu, nami nitajibu upande wa malezi. Kumnyang'anya juzuu maalimu ni kumnyang'anya kazi, na mtarajie ghadhabu au kimya. Mrudishieni, pamoja na rehali, kanzu safi na wakati wake wa alasiri, na wote wamwite Maalimu. Mtafuteni mtu mzima aliyehifadhi, akae kando yake na kusoma pamoja naye kwa sauti ya polepole. Mara nyingi aya anayoisikia humrejesha kwenye njia bila ya kuambiwa amekosea. Sura fupi ndizo atakazozishika kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo mwanzeni na hizo. Watoto wanaojifunza kusoma wasipelekwe kwake ili kufundishwa, ila wanaweza kwenda kumsomea waliyokwisha kuyahifadhi, naye awasikilize na kuwapa idhini ya kwenda kucheza. Na wahudumu wasiojua kusoma Kiarabu hawana la kuogopa. Wao kazi yao ni kumtandikia jamvi kwa wakati.