Giza nyuma ya Mtakatifu Yeronimo: rangi au uchafu?

Swali: Mwalimu, habari ya kazi. Nimeitazama picha ya Caravaggio, mchoraji wa Italia, ya Mtakatifu Yeronimo akiandika, ile ya jumba la sanaa la Galleria Borghese, Roma. Nyuma ya mzee ni giza tupu. Lilipakwa hivyo, au ni moshi wa mishumaa na vanishi kuukuu? Ikisafishwa, dirisha litatokea?

Jibu: Nzuri, ndugu. Dirisha usilisubiri. Giza lile ni la Caravaggio mwenyewe, ila miaka mia nne nayo imelikoleza kidogo.

Turubai zake hakuzianza na weupe. Alizipaka kwanza rangi ya udongo, kahawia iliyokolea, kisha akapandisha mwanga juu yake: upara, mfupa wa bega, fuvu, kitambaa cheupe. Penye kivuli mara nyingi aliacha ile kahawia ya chini ifanye kazi. Kuza picha zake utazame mpaka wa mwili na nguo; hukosi kuona uzi mwembamba wa giza. Wengi hudhani ni mstari uliochorwa, kumbe ni pengo: brashi haikufika hapo.

Sasa umri. Unaijua karatasi ya maandazi: ikiloa mafuta, maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Rangi ya mafuta nayo hupungua uzito wa kuficha kadiri inavyozeeka, na kwa kuwa chini kuna kahawia, vivuli vyembamba huzama. Huko kuzama hakusafishiki. Vanishi ndiyo inayosafishika, kwa pamba kwenye kijiti, sentimita kwa sentimita. Anayelazimisha zaidi ya hapo anavua rangi ya mchoraji, na mimi mtu wa namna hiyo simwiti fundi.

Kama bado una shaka, linganisha na Yeronimo mwingine, aliyemchora Malta mwaka 1607 au 1608, leo yupo Valletta katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane. Pale kuna ukuta, kofia ya kikardinali imetundikwa, na mezani kinara cha mshumaa. Alipotaka chumba alikichora.

Siku ukisimama mbele ya ile ya Borghese, acha giza, tazama kitambaa cheupe. Vanishi ikishachoka, weupe ndio wa kwanza kugeuka rangi ya chai.