Maswali ya Wasomaji: Traki Zinapoachana

SWALI: Nimetoa traki 14 za wimbo (kila ala au sauti kivyake) kuwa faili za sauti, nikamtumia fundi wa miksi. Anasema besi imechelewa kidogo mwanzo hadi mwisho. Sauti ya mwimbaji inaanza sawa, ila ikifika kiitikio cha mwisho imeshaachana na ngoma. Mwimbaji alijirekodi kwa simu huku biti ikipigwa na kompyuta. Kosa liko wapi?

JIBU: Hayo ni makosa mawili tofauti. Pima pengo kwenye pigo la kwanza la wimbo, kisha kwenye la mwisho. Pengo lisilobadilika maana yake faili imesogea yote kwa pamoja. Linalokua maana yake saa za vifaa zimepishana.

Anza na besi. Limita (kifaa cha kuzuia sauti isizidi kiwango) inayosoma sauti kabla haijafika, na baadhi ya ikwalaiza (za kurekebisha besi na sauti kali), huchelewesha sauti ili zifanye kazi. Programu ya kurekodi hufidia ucheleweshaji huo, lakini watu huzima fidia wakati wa kurekodi, wakasahau kuiwasha. Ukitoa faili hivyo, kuchelewa kunabaki humo. Plagini (programu ndogo kama hizo) inayochelewesha sampuli 2,048, yaani vipimo vya sauti, katika 44.1 kHz (vipimo 44,100 kwa sekunde) inakula milisekunde 46, na hizo zinasikika waziwazi kwenye besi. Washa fidia, itoe upya. Hakikisha pia haikutolewa kwa MP3, kwa sababu MP3 huongeza kipande cha ukimya mwanzoni, mara nyingi zaidi ya sampuli elfu moja. Tumia WAV, faili ya sauti isiyobanwa, ya biti 24 (hapa biti ni kipimo cha data, si mdundo).

Sauti ya mwimbaji ni kesi nyingine. Simu na kompyuta kila moja ina saa yake. Zikipishana kwa sehemu 100 tu katika milioni, wimbo wa dakika 4 unamalizika na pengo la milisekunde 24. Usidhani ni kosa la 48 kHz kuchezwa kama 44.1: hapo dakika 4 zingekuwa dakika 4 na sekunde 21, na sauti ingekuwa nzito tangu neno la kwanza. Kata sauti pale mwimbaji anapovuta pumzi, usogeze kila kipande mahali pake. Kwa pengo dogo kama hili, hiyo ni bora kuliko kuivuta yote (kuirefusha au kuifupisha), maana kuvuta kunaweza kuharibu herufi kali kama s na t.

Kabla ya kutuma tena, weka pigo moja fupi kwenye kila traki, kabla ya wimbo kuanza. Toa zote, zifungue kwenye mradi mtupu, kuza picha ya wimbi. Ncha zote zisimame kwenye mstari mmoja.

SWALI: Tarumbeta yangu inaingia dakika ya 3. Lazima faili yake ibebe ukimya wote ule?

JIBU: Ndiyo. Kila faili ianzie sifuri, hata kama haina kitu. WAV inaweza kubeba alama ya muda, lakini si kila programu huisoma. Ukubwa ukikusumbua, tuma FLAC, aina ya faili iliyobanwa: haipotezi sauti, na ukimya hauchukui karibu nafasi yoyote.