Mchezaji wa Miaka 41 Ana Thamani Gani kwa Kampuni za Gemu?

SWALI: Nina umri wa miaka 41 na hucheza gemu usiku watoto wakishalala, kwa muda usiozidi saa moja. Mpwa wangu mwenye miaka 16 hunicheka, akidai kwamba kampuni za gemu huwatengenezea vijana wa rika lake na kwamba sisi wengine ni wapita njia tu. Je, ni kweli? Ni rika lipi hasa ambalo kampuni hizo hulijali zaidi?

JIBU: Mpwa wako amekosea, ingawa si kwa kiasi ambacho ungependa kumwambia. Kampuni ya gemu humtazama mchezaji kwa mambo mawili, muda wake na fedha zake, na ni nadra kwa mtu mmoja kuwa navyo vyote viwili. Kijana ana jioni nzima lakini mfuko wake ni wa wazazi. Wewe una mshahara, ila saa zako zimekwisha kugawanywa.

Tukianza na fedha, watu wazima wa kati ya miaka 25 na 45 ndio ninaowaweka mbele. Nchini Marekani wastani wa umri wa mchezaji umepita miaka 30 kwa muda mrefu sasa, kwa kuwa waliokua na mashine za Nintendo katika miaka ya 1980 hawakuacha kucheza walipoanza kazi. Ndiyo maana Final Fantasy VII ya mwaka 1997 ilitengenezwa upya na kutolewa mwaka 2020: aliyekuwa na miaka 14 wakati ule alikuwa amefikisha 37, naye hakuhitaji kushawishiwa sana ili ainunue kwa bei kamili.

Tazama pia Candy Crush Saga, gemu ya simu iliyotoka mwaka 2012 na kupendwa sana na wanawake watu wazima. Mchezaji hupewa maisha matano. Yakiisha, hungoja nusu saa ili arudishiwe moja, au hulipa aendelee papo hapo. Mtoto atangoja. Mtu aliyebakiwa na dakika 20 kabla ya kulala huona kiasi hicho kuwa kidogo, na mwaka 2016 Activision Blizzard iliinunua kampuni ya King, iliyoitengeneza, kwa dola bilioni 5.9.

Hata hivyo, vijana wana kazi ambayo wewe huiwezi, nayo ni kuujaza uwanja. Fortnite, iliyoanza mwaka 2017, huchezwa bila malipo na hupata fedha kwa kuuza mavazi ya wahusika na vikorombwezo vingine. Anayenunua vazi anataka kuonekana nalo, na wanaomwona ni hao hao wasiolipa chochote.

Watoto wadogo ni wateja wenye hatari zao. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inalinda taarifa za walio chini ya miaka 13, na mnamo Desemba 2022 kampuni ya Epic Games, wamiliki wa Fortnite, ilikubali kulipa jumla ya dola milioni 520 kumaliza mashauri yaliyohusu faragha ya watoto na mbinu za kuwafanya wachezaji wanunue bila kukusudia. China nayo, mwaka 2021, iliwawekea walio chini ya miaka 18 saa moja tu ya gemu za mtandaoni, kuanzia saa mbili usiku, siku za Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Wazee bado wamesahaulika mno, jambo ninaloliona kuwa uzembe, kwani mashine ya Wii ya mwaka 2006 ilionyesha kwamba hata babu atacheza akipewa kidhibiti kisichomtisha.

Isitoshe, katika gemu zisizolipiwa wachezaji wengi hawatoi hata senti, na wachache mno ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mapato. Kwa hiyo kampuni hufuatilia unachonunua na saa unayonunua kwa makini kuliko mwaka wako wa kuzaliwa. Ofa ikikutokea kwenye skrini wakati ule ule watoto wanapolala, huenda si kwa bahati.