Jibu: Je, joto la dunia linapitia kwenye tundu la ozoni?
Ndugu, umeuliza kama dunia inapata joto kwa sababu jua linapenya kwenye tundu la ozoni. Hapana, ingawa wengi huchanganya hapo. Ozoni, gesi iliyotanda juu angani, huzuia mionzi ya jua iitwayo urujuanimno, ile inayounguza ngozi na kudhuru macho. Joto linapanda kwa sababu hewa ukaa na gesi nyingine hunasa joto linalotoka ardhini.

Ila mambo haya mawili yanakutana kwenye CFC, gesi za majokofu ya zamani. Zikifika juu kabisa, mionzi ya jua huzivunja, klorini ikatoka. Atomu moja tu huharibu maelfu ya molekuli za ozoni. Na gesi hizohizo, kilo kwa kilo, hunasa joto maelfu ya mara kuliko hewa ukaa! Ndiyo maana naithamini sana Itifaki ya Montreal ya 1987, mkataba wa kimataifa wa kuziondoa gesi hizo: ililenga ozoni, ikapunguza na kasi ya kupanda kwa joto.

Gesi mbadala wa CFC, ziitwazo HFC, haziharibu ozoni lakini zinaongeza joto, ndipo zikabanwa kwa marekebisho ya itifaki hiyo yaliyofikiwa Kigali, Rwanda, mwaka 2016. Kwa hiyo ukisikia fundi wa friji anaachia gesi “sssss” hewani, mwambie aivute kwenye mtungi.